Dude la Sinema na Mbuzi wa Mama Evarista

Wenzangu wa mifugo mliobaki kazini, pikipiki nimerudisha, muhuri wa nyama nimerudisha, na lile koti jeupe nimeambiwa nibaki nalo kwa kuwa hakuna anayelitaka. Siku mliyoniaga mliniomba niwaandikie mambo mawili matatu niliyojifunza. Wiki nzima nimekaa kibarazani na daftari, na kila nikianza habari za majosho na kimeta, mkono unakwenda kwenye jambo jingine kabisa, jambo ambalo hata mke wangu Adelina nilimweleza mwaka jana tu. Vyeo siviandiki wala mishahara. Hayo mnayajua kuliko mimi. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, na kosa langu moja ambalo mpaka leo silielewi vizuri. Mkinicheka, chekeni. Nimeshastaafu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Ntobeye, wilaya ya Ngara. Nilifika na cheti, buti mpya na saa ya mkononi niliyozawadiwa na mjomba. Aliyenipokea ni Mzee Projestus, mhudumu wa mifugo wa siku nyingi, mtu mfupi mwenye mikono mirefu kuliko kimo chake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kipande cha sabuni ya mche badala ya kiti. Nyuma ya nyumba ya jirani kulikuwa na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa tangu alfajiri. "Vua saa," akaniambia. Mimi niliona ananidharau, saa yangu ilikuwa imeandikwa kwamba haiingii maji. Nikapaka sabuni mpaka begani, nikaingiza mkono, ndama akatoka mzima, saa ikabaki. Tuliipata kesho yake pamoja na kondo la nyuma, na kweli ilikuwa bado inatembea.

Mzee Projestus alinifundisha kunusa kinywa cha mnyama kabla ya kuchomoa kipimajoto. Alinifundisha kubana burdizo, lile koleo la kuhasi, bila kumkasirisha dume, ingawa sijui kama kuna dume asiyekasirika. Alinifundisha pia kwamba ukifika nyumbani kwa mtu, mwulize mke kabla ya mume, kwa sababu mume atakwambia ng'ombe ni wa thamani gani na mke atakwambia ng'ombe alikula nini. Kwa miaka yote niliyofanya kazi, ushauri huo haujawahi kuniangusha. Kuna siku nilimwuliza mume kwanza, nikatibu minyoo siku nne, kumbe mnyama alikuwa amemeza kanga ya bibi.

Ilikuwa ni miaka ile wakimbizi walipojaa kambi ya Lukole. Watu walikuja na kuku, na kuku walikuja na kideri, kwa hiyo tukatumwa kuchanja. Siku moja mvua ilinikamata huko nikiwa na sanduku la chanjo begani. Nikakimbilia kwenye banda la turubai lililokuwa karibu, nikidhani ni duka. Ndani watu walikuwa wamekaa juu ya magogo, kimya, mbele ya televisheni ndogo na deki iliyokuwa ikiendeshwa na jenereta. Kwenye kioo, kaa mwenye ukubwa wa kanisa alikuwa anatoka baharini anaingia mjini. Askari wanampiga risasi, risasi zinamdunda. Mwanamke mmoja anapiga kelele tangu nilipoingia, na sidhani kama alinyamaza hadi mwisho.

Mimi ni mtu wa wanyama. Nilijua kaa hawezi kuwa hivyo, miguu ile isingebeba uzito ule hata hatua moja. Tena kaa yule akigeuka, upande wa tumbo ulionekana miguu ya binadamu miwili, mmoja umevaa soksi. Nilipaswa kucheka na kutoka. Mvua ilikatika, nami nikabaki. Nilitazama mpaka maandishi ya mwisho, nikatoka viatu vimelowa na moyo umefurahi sana, na sikujua umefurahia nini. Barafu kwenye sanduku ilikuwa imeyeyuka, na kuku wa Lukole siku ile hawakuchanjwa.

Nimejiuliza mara nyingi ugonjwa huu ni ugonjwa gani. Kuna wakati nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya kazi, kwamba sisi adui wetu hatumwoni, anaingia na kupe au na pumzi, lakini yule wa sinema ana meno na anakuja kwa barabara kuu. Maelezo hayo ni mazuri, nadhani hata padri angeyakubali. Tatizo ni kwamba si ya kweli. Nilipenda tu. Nilipenda nzige wa mabati, popo wa manyoya ya godoro, wale watu wa nyota nyingine wenye vichwa vya maboga. Kadiri dude lilivyotengenezwa vibaya ndivyo nilivyolipenda zaidi, na sinema nzuri, zile za watu kupendana na kulia, zilinisinzisha. Na nilikuwa msoma masomo kanisani, mtu wa kuheshimika, watoto wakiniona wanaacha kumpiga mbwa mawe. Basi nikawa naingia mabandani kwa mlango wa nyuma.

Nikahamishiwa Biharamulo, kata ya Nyamahanga, na huko ndiko nilikokaa hadi kustaafu. Karibu na gulio palikuwa na banda la Sospeter, kuta za mbao, madirisha yamezibwa kwa nailoni nyeusi, sinema kila Jumamosi mchana watu wakishauza na kununua. Sospeter aliniona nikijibanza nyuma Jumamosi tatu mfululizo. Ya nne akanifuata.

"Bwana Mifugo, shikamoo. Samahani, wewe Kiingereza umesoma?"

"Marahaba. Nimesoma kiasi."

"Yule kijana wangu wa kutafsiri amehamia Geita. Watu wanatazama kama bubu. Hebu kaa pale nyuma ya pazia ushike maiki, hakuna atakayekuona."

Ningesema hapana, habari ingeishia hapo nami leo ningekuwa nawaandikia habari za majosho. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba jina langu lisitajwe popote. Nikawa nabana pua kidogo na kuongea kwa sauti nzito, na kwa miezi michache watu wakanipa jina la Profesa. Nikipita gulioni nilisikia wakibishana habari za Profesa, kwamba ni mtu wa Mwanza, kwamba amesoma Ulaya, kwamba ana jicho moja. Nilikuwa nakagua nyama huku masikio yamesimama.

Sasa niseme jambo ambalo Sospeter hakulijua. Kiingereza changu kilikuwa cha kwenye chupa za dawa. Najua tikisa kabla ya kutumia, najua weka mbali na watoto, najua usimchinje mnyama kabla ya siku ishirini na nane. Wale wazungu wa sinema hawakuwa wakizungumza mambo hayo. Na sinema nyingine hazikuwa hata za Kiingereza. Watu waliongea lugha ambayo sijui ni ya wapi. Basi nilijazia. Na kwa kuwa kichwani sikuwa na kitu kingine ila kazi, nilijazia kazi. Nzige mkubwa nikasema ana ndigana kali ya ng'ombe, nikaeleza tezi zilivyovimba. Nyoka wa vichwa viwili nilimpa dawa ya minyoo, nikasema kipimo kinahesabiwa kwa uzito na si kwa idadi ya vichwa, banda zima likapiga makofi. Hiyo ndiyo iliyowafanya waniamini, kwamba Profesa anasema mambo kwa vipimo.

Nje ya banda, mgongo ukiegemea ukuta wa mbao, alikuwa akikaa Mama Evarista akiuza karanga. Ndani hakuingia hata siku moja. Alisema hewa ya humo inamkaba. Huyu mama nilimfahamu kabla ya mambo ya sinema. Mume wake alipofariki, mashemeji walikuja wakachukua ng'ombe wote, wakamwachia majike mawili ya mbuzi, moja linachechemea na jingine zee. Lile linalochechemea lilipata mimba, likashindwa kuzaa, mtoto amekuja kwa makalio. Tulimtoa mimi na yeye, yeye ameshika kichwa anamwongelesha mbuzi kwa Kisubi, mimi natafuta miguu. Kutoka kwa majike yale mawili alifikisha mbuzi kumi na mmoja. Mashemeji wakipita njiani walikuwa wakigeuza uso. Kila nikifika kwake alinihesabia, si kwa kujisifu, bali kama mtu anayehakikisha milango imefungwa.

Jumamosi ninayoijutia, Sospeter alileta sinema mpya. Ilikuwa nakala ya nakala, picha ina chenga hadi huwezi kutofautisha mbwa na kiti. Mzungu mwenye koti jeupe anafungua boksi la buluu, moshi wa baridi unatoka, anachukua bomba la sindano anamchoma mnyama fulani aliyefungwa kamba. Mnyama mwenyewe sikumtambua. Anaongea sana yule mzungu, anaongea dakika nzima, na mimi sijui hata neno moja. Nikaangalia boksi lile la buluu, nikakumbuka sanduku langu la chanjo, la buluu vilevile, nikacheka peke yangu nyuma ya pazia.

"Huyu ndiye bwana mifugo wa kwao," nikasema kwenye maiki. "Leo anachanja mbuzi."

Watu wakacheka. Nilipenda kicheko kile, nikaendelea. Mnyama kwenye picha akawa amesimama tu, hatikisiki, nadhani CD ilikuwa imekwama kidogo. Nikaeleza kitu ninachokijua. "Siku ya kwanza mbuzi anapoa. Hataki majani. Anasimama pembeni, masikio chini, mwili una joto. Mwenye mbuzi anasema ni kawaida. Siku ya pili ni vilevile. Sasa ngojeni siku ya tatu." CD ikajikwamua, pakatokea dude lenye pembe ndefu kuliko minazi, linavunja ukuta, linamla bwana mifugo wa kwao akiwa na koti lake. Banda lilipiga ukelele hadi watu wa gulio wakaja kuchungulia. Nakiri kwamba ilikuwa tafsiri yangu bora kuliko zote, na nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Ninyi mnajua nilichokifanya. Mbuzi aliyechanjwa sotoka hupoa siku moja mbili, husimama pembeni, masikio chini. Ndivyo chanjo ilivyo. Siku zote tunawaambia wafugaji wasiogope. Ila siku ile nilikuwa nimewaambia, kwa sauti wanayoiamini kuliko yangu, kwamba hiyo ndiyo dalili ya kuanza kuwa dude.

Haikupita wiki mbili, sotoka ya mbuzi ikatangazwa kata ya jirani. Nikaletewa chanjo, nikaanza na kitongoji cha kwanza, watu wakaja bila shida. Kesho yake mbuzi wao wakapoa. Sikuwaza lolote. Keshokutwa yake nilikwenda kitongoji cha pili nikakuta mabanda ya mbuzi matupu. Siku moja mbuzi walikuwepo kila mahali wanakula nguo kwenye kamba, siku ya pili hakuna hata mmoja. Mama mmoja aliniapia kwamba tangu aolewe hajawahi kufuga mbuzi, na wakati anaapa, chini ya kitanda chake mbuzi analia. Nikamwuliza ni nini hicho. Akasema ni mkwe wake anaumwa.

Nilirudi kitongoji cha kwanza nikasimuliwa kwamba Mzee Ntabaye, mtu mwenye busara zake, amemchinja beberu wake aliyechanjwa, akamzika bila kuonja hata figo, akaweka mawe juu ya kaburi. Sikuelewa kabisa. Nilidhani ni mambo ya uchaguzi. Nilidhani kuna mtu ameniroga. Nikamfuata mwenyekiti wa kijiji, nikamkuta anapalilia maharage.

"Bwana Mifugo, mimi nakwambia kwa kuwa ni rafiki yangu," akasema bila kuinua jembe. "Wanasema wewe ni yule wa kwenye sinema."

"Yupi?"

"Yule mwenye boksi la buluu. Anayechanja mbuzi halafu mbuzi anamla."

Nikakaa palepale juu ya tuta la maharage. Alinifokea nisiyavunje. Ulimi uliponza kichwa, ndivyo tulivyofundishwa shuleni, ila ulimi wangu ulikuwa unaponza vichwa vya mbuzi wa kata nzima.

Mwenyekiti aliitisha mkutano. Nilivaa koti jeupe, kosa jingine, na nilipotokea akina mama wa mbele walirudisha mabenchi nyuma. Nikasema yote. Nikasema hakuna Profesa, Profesa ni mimi, Kiingereza sikijui, maneno ya chanjo niliyatunga kuwachekesha. Nilitegemea wanizomee. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa mawe. Kicheko kikaanza nyuma kikaja hadi mbele.

Mzee Ntabaye alisimama akaegemea fimbo. "Bwana Mifugo, sisi tunakuheshimu. Umetutibia ng'ombe, tumekula nyama uliyoigonga muhuri. Lakini selikali isikutume uje kumsingizia Plofesa. Yule mtu amesoma."

"Mzee, ni mimi."

"Haya, ongea kama yeye."

Nikabana pua. Mchana kweupe, mbele ya watu mia, na koti jeupe, nikanguruma kwa sauti nzito: "Siku ya kwanza mbuzi anapoa." Wakacheka hadi wengine wakashika matumbo. Wakasema sijafika hata robo. Kijana mmoja alisimama akaigiza yeye, wakamshangilia kwamba huyo ndiye anakaribia. Katikati ya kicheko hicho nilimwona Mama Evarista amekaa na wanawake wenzake. Yeye hakucheka. Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akaondoka.

Sikujua la kufanya. Tulisoma chuoni kwamba mfugaji huelimishwa kwa ukweli na kwa mfano. Ukweli nilikuwa nimeusema, wakaucheka. Nikamwendea Sospeter, nikamwomba arudie sinema ile Jumamosi.

Banda lilijaa hadi watu wakakaa juu ya jenereta. Nyuma ya pazia, maiki nilishika kwa mikono miwili. Mzungu akafungua boksi la buluu. "Wiki ile nililewa usingizi nikakosea kutafsiri," Profesa akasema. "Leo sikilizeni vizuri. Mzungu hapa anasema: mbuzi huyu nimempata amechelewa. Wenzake nimewachanja, wako salama, yeye mwenye mali alimficha chini ya kitanda." Nikasikia mtu anakohoa. "Dude si kwa sababu ya sindano. Dude ni kwa sababu ya kukosa sindano." Na pembe zilipotokea kwenye picha hakuna aliyepiga kelele, walikuwa wananong'onezana wakikumbuka mbuzi wao walipo.

Jumatatu asubuhi nilikuta foleni kutoka joshoni hadi barabarani. Mzee Ntabaye alileta mbuzi wake wote waliobaki, hata aliyekwisha kuchanjwa alitaka arudiwe. Nilichanja hadi kidole gumba kikafa ganzi. Wenzangu, nilikuwa na furaha kubwa na aibu kubwa kwa pamoja, na sikujua niitulize ipi. Mtumishi wa serikali nimeponya kata kwa uongo, baada ya kuiumiza kwa uongo, na ukweli nilioutoa katikati haukumsaidia mtu.

Jioni, nikifunga sanduku, nikagundua Mama Evarista sikumwona foleni. Nikakumbuka hata Jumamosi hakuwepo pale ukutani na karanga zake. Kwa hiyo tafsiri ya pili hakuisikia. Nilikwenda kwake asubuhi iliyofuata.

Niliunusa ugonjwa kabla sijafika uani. Alikuwa amewahamishia mbuzi wake kwa dada yake, pembeni mwa msitu, ili nisiwaone. Huko walichanganyika na mbuzi waliotoka mnadani. Walianza na machozi na kamasi, vidonda vya mdomo, kisha kuhara. Alipotoka mkutanoni aliwafuata, akakuta wameshaanza kufa, akawarudisha nyumbani ili wafie kwake. Kumi na mmoja walikuwa wamebaki watatu, wamefungwa chini ya mgomba, na upande wa pili wa ua udongo ulikuwa mbichi.

"Karibu, Bwana Mifugo," akasema. Alinipa kigoda. Ingekuwa afadhali angenitukana.

"Mama Evarista, ile sauti ya kwenye banda ilikuwa yangu."

"Najua."

"Ulijua mkutanoni?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Umeongea kwenye masikio ya mbuzi wangu miaka mingapi? Hata ubane pua." Akatazama ule udongo. "Angekuwa mtu mwingine ningecheka kama wenzangu. Niliamini kwa sababu ni wewe. Nikasema, Bwana Mifugo kuna jambo analijua, hawezi kulisema akiwa na koti la serikali, anatuambia akiwa amejificha."

Nimesomewa barua za onyo katika maisha yangu. Hakuna iliyoniingia namna ile. Kila alichosema kilikuwa na akili kuliko nilichofanya. Nikalia, na sioni haya kuliandika.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Hawa watatu wachanje."

Nikawapima joto, wote hawakuwa na homa. Nikamweleza wazi kwamba kama ugonjwa umeshaingia ndani, sindano haitawasaidia, na hatutajua kwa siku kadhaa. Aliwashika yeye mwenyewe mmoja mmoja, nikachoma. Nilipoanza kufunga vyombo akanizuia.

"Hapana. Utakaa hapa siku tatu. Mbuzi akisimama pembeni, wewe ndiye utakayeniambia ni nini."

Nilikaa. Asubuhi nafika, jioni narudi nyumbani, Adelina namwambia nina mgonjwa mahututi. Siku ya kwanza mchana yule jike mkubwa alijitenga, akasimama, masikio chini. Mama Evarista akaacha kumenya mihogo.

"Ni nini?"

"Ni chanjo," nikasema. "Nadhani ni chanjo."

"Wenzake nao walianza hivyohivyo."

Ni kweli, sotoka nayo huanza hivyohivyo. Nilikuwa na miaka karibu ishirini kazini na nilikuwa namtazama mbuzi nisijue anaanza kupona au anaanza kufa. Siku ya pili wote watatu walikuwa wamepoa. Nilipima joto kila saa, limepanda kidogo, halishuki, halizidi. Niwaambie jambo la kuchekesha, ingawa pale halikunichekesha: mchana wa siku ile nilijikuta nakagua pembe za yule jike. Nilizishika, nikazipima kwa vidole, nikajiuliza kama jana zilikuwa hivi. Mimi, mwenye cheti. Mama Evarista aliniona, naye akaja akazishika.

Siku ya tatu sikunywa chai nyumbani. Nilifika nikawakuta wamelala, nikaona basi, imekwisha. Tulikaa mimi na yeye, jua likapanda hadi kivuli cha mgomba kikatuacha. Ndipo yule jike akainuka, akanyoosha mgongo, akakojoa, akaenda kwenye maganda ya mihogo akaanza kula. Yule wa pili akamfuata. Wa tatu alichelewa hadi nikashindwa kuvumilia, nikampelekea ganda mdomoni, akalinusa, akalitafuna. Machoni wakavu, puani wakavu. Nilitaka kupiga kelele kama watu wa bandani.

Mama Evarista hakupiga kelele. Alifuta mikono kwenye kanga akarudi kukaa.

"Sasa nieleze ile sinema," akasema.

"Ipi, mama?"

"Ya sindano. Mimi picha sikuiona, niliisikia ukutani tu. Mbuzi wangu wanane wamekufa kwa ajili ya hiyo hadithi. Nataka niijue ilivyo. Yule mzungu alikuwa anatafuta nini kwa yule mnyama?"

Nikafungua mdomo. Sinema ile nilikuwa nimeitazama mara mbili na kuisimulia kwa njia mbili, na zote zilikuja harakaharaka kwenye ulimi, ile ya kwanza na ile ya pili, na hata ya tatu ambayo ningeweza kuitunga palepale, nzuri, ya kumfariji. Nilitafuta nyuma yake ile yenyewe, midomo ya yule mzungu akiongea dakika nzima. Hapakuwa na kitu.

"Sijui, Mama Evarista," nikasema. "Sikuelewa hata neno moja."

Akainuka kwenda kuwafungua mbuzi.

"Hilo ndilo ungelisema kwenye maiki," akasema, akawapeleka malishoni.